Ukurasa wa Kumi na Moja

Free Area, Nakuru
12 Februari 2024

Kwa Senge Chepkorir, shangazi yangu,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Kapsirorok, na kwamba yule ng'ombe wa kahawia ameshazaa salama. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameanza nasari, na tayari anamwogopa mwalimu kuliko anavyoniogopa mimi. Mke wangu Natalie anasema sweta uliyomfumia imekuwa vita nyumbani, kwa sababu dadake alikuja kututembelea akataka kuondoka nayo.

Ulisema mambo marefu hutaki kuyasikia kwa simu, maana huko mtandao unashika tu mtu akipanda hadi kanisani karibu na zahanati, na huwezi kupigia kelele mambo ya familia mbele ya kanisa. Ni sawa. Ndung'u wa lori la maziwa amekubali kubeba barua. Zako azishushe hapa kwa Waithera, mwenye duka la dawa za mifugo.

Habari yenyewe ni hii: nimechaguliwa. Ni madaktari kumi na wawili nchi nzima, kwa mwaka mmoja, tunafundishwa uongozi. Tunajifunza jinsi sera za afya zinavyotungwa, jinsi bajeti inavyogawanywa, na jinsi ya kuwasemea watu ambao huduma haiwafikii. Wiki moja ya kila mwezi niko Nairobi darasani, siku zinazobaki niko ofisi ya sera hapa kaunti. Mwalimu wetu, Daktari Wamaitha, alituambia siku ya kwanza kwamba daktari akikosea hospitalini anamuumiza mgonjwa mmoja, lakini akikosea kwenye sera anawaumiza watu ambao hatawahi kuwaona. Niliposikia hivyo nilikukumbuka wewe. Nilikuwa darasa la sita uliponipa kile kipembe cha mbao nisikilize moyo wa mtoto tumboni mwa mamake.

Najua sijapanda nyumbani tangu Septemba ya mwaka juzi. Ni kazi tu.

Mwanao,
Kimutai


Kapsirorok, Olenguruone
10 Machi 2024

Mwanangu Kimutai,

Salamu zako zimefika na tumezipokea kwa furaha. Ng'ombe alizaa ndama jike. Baba yako mgongo bado unamsumbua, lakini ukimwambia akae chini anachukua kikapu anaenda kuchuma chai. Mvua haijaanza vizuri. Tumepanda viazi kwa imani.

Habari yako ilitangazwa kanisani Jumapili. Mchungaji alikusimamisha mbele yetu kama mtu aliyekuwepo, na watu wakapiga makofi. Wachuka, mamake marehemu Shantel, alikuwa ameketi benchi la mbele na mjukuu wake mgongoni. Yeye pia alipiga makofi.

Sasa nina jambo. Wiki jana afisa kutoka kaunti alileta waraka hapa zahanati. Unasema zahanati zote zenye muuguzi mmoja ziache kuzalisha. Mama akishikwa na uchungu aende moja kwa moja hospitali, na unajua kutoka hapa ni kilomita kumi na sita na daraja moja la miti. Nimekitandika shuka kitanda cha kujifungulia na kufunga mlango wa chumba kile. Miaka kumi na tisa nimezalisha humo. Mama mmoja tu alinifia mikononi, na unamjua.

Wewe sasa unaketi na watu wa sera. Niulizie waraka huu uliandikwa na nani, na aliambiwa nini kutuhusu.

Ni mimi shangazi yako,
Chepkorir


Free Area, Nakuru
14 Aprili 2024

Kwa Senge,

Pole kwa kuchelewa. Mtoto alipata kifua, kisha mimi nikawa Nairobi, kisha ripoti. Sasa ni mzima. Tumesikia huko mvua imeshuka kwa nguvu. Natumaini viazi havikuoza.

Kuhusu waraka. Jambo kama hilo haliandikwi na mtu mmoja, Senge. Takwimu hukusanywa, watu wa ofisi hujadili, wengine hutoa mapendekezo, na mwisho wakubwa hutia sahihi. Lengo ni zuri. Mama wa Kapsirorok ana haki ya kuzalishwa mahali penye daktari, damu na chumba cha upasuaji, sawasawa na mama wa hapa Nakuru. Huo ndio usawa tunaofundishwa. Mwanzoni kutakuwa na ugumu kidogo, lakini watu watazoea.

Nimepata mashine mpya ya kupima presha ambayo ningependa kukutumia. Ile yako ni ya zamani sana. Niambie kama Ndung'u anaweza kuibeba bila kuivunja.

Msalimie baba.

Kimutai


Kapsirorok
5 Mei 2024

Kimutai,

Hatujambo kwa neema ya Mungu. Baba yako anakusalimu. Viazi vya chini vimeoza, vya juu vitatutosha. Mashine usitume. Hii yangu inapima.

Jackie wa kule juu msituni, bibi ya fundi wa mbao, alishikwa na uchungu Alhamisi ya tarehe kumi na nane mwezi uliopita. Walimpakia kwenye pikipiki kati ya mumewe na mama mkwe. Saa nne asubuhi walipita hapa langoni kwangu. Mama mkwe alishuka akaniomba nimwangalie tu. Nilimwangalia nikaona amebakisha kidogo. Nikawaonyesha ule waraka. Nikawaambia waendelee.

Walifika darajani wakakuta maji yamelifunika. Alijifungulia hapo kando ya barabara, juu ya koti la mumewe, kukiwa na baridi ile unayoijua. Mtoto alikuwa wa kiume. Walipomleta kwangu alikuwa ameshakufa. Jackie anaendelea vizuri. Juzi nilikutana naye sokoni akanisalimia, nikashindwa kumjibu vizuri, nikajifanya natafuta kitu kwenye kikapu.

Baadaye msimamizi wetu alikuja na vijitabu, akasema vimetoka kwenye mafunzo ya kina Kimutai, tujivunie. Changu nimekisoma chote. Ukurasa wa kumi na moja ni wako. Jina langu hukuliandika, wala la Shantel, lakini hapa hakuna asiyejua. Umeandika hivi: "Muuguzi, kwa kutotambua dalili za hatari, alikaa zaidi ya saa mbili kabla ya kuomba msaada." Halafu chini yake umependekeza kwamba zahanati kama hiyo isizalishe.

Simu ya kwanza niliiandika kwenye rejista: saa saba na dakika arobaini mchana. Hiyo ilikuwa dakika kumi na tano baada ya damu kuanza.

Chepkorir


Free Area, Nakuru
7 Julai 2024

Kwa Senge yangu,

Sijui nianze salamu kwa namna gani. Naomba tu uwe mzima.

Barua yako ilikaa kwa Waithera siku tatu kabla sijaichukua, na mfukoni mwangu miezi miwili. Nimeanza kukujibu mara nne. Mara zote nilijikuta nikieleza habari za takwimu, nikachana.

Nitakuambia ya Jumapili ile Shantel alipofariki. Nilikuwa daktari wa zamu wa hospitali ile mnayopeleka wagonjwa, na sikuwa hospitali. Nilikuwa hapa Nakuru, katika hoteli moja, nikila chakula cha mchana na daktari mkubwa ambaye ndiye angeniandikia barua ya kuniombea nafasi hii. Simu yako ya kwanza niliiona ikiita nikaigeuza uso chini. Ya pili, saa nane na robo, nilitoka nje nikaishika. Uliniambia Shantel anatokwa damu, umempa sindano na dripu na haikatiki. Nikakuambia, "Ambulensi iko njiani, Senge."

Haikuwa njiani. Ilikuwa uani pale hospitali, dereva yuko ndani yake anasikiliza redio, anangoja idhini ya daktari wa zamu ndipo apewe mafuta. Nilihitaji kupiga simu moja tu kwa karani. Nilikusudia kupiga. Nilirudi mezani, yule daktari akaniuliza swali kuhusu mipango yangu ya baadaye, nikajibu, tukaendelea kuongea. Nikasahau. Hakuna neno lingine la kuliweka hapo, nimelitafuta. Simu yako ya tatu ilinikuta bado mezani, nikimhubiria yule daktari kuhusu akina mama wa mashambani.

Kamati ya kuchunguza kifo chake ilipokaa nilingoja useme. Hukusema. Ripoti ikatoka kwamba ulichelewa, nami nikaishika kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nilipoulizwa kwenye fomu ya maombi nieleze tukio lililonifanya nitake kuwa kiongozi, niliandika hiyo. Daktari Wamaitha aliisoma mbele ya darasa zima kama mfano wa ushuhuda. Na pendekezo la waraka ni mimi niliyeliandika, Senge. Ofisi ililipokea jinsi lilivyo.

Kwa nini hukusema?

Kimutai


Kapsirorok
21 Julai 2024

Kimutai,

Huku ni baridi na ukungu, hata kuku hawataki kutoka. Baba yako anaendelea vizuri. Sijamwambia lolote.

Umeniuliza kwa nini. Hakuna aliyeniomba ninyamaze, nisije nikakusingizia au nikamsingizia ndugu yangu, baba yako. Mwenyekiti wa kamati aliniuliza, "Sista, je, inawezekana ulichelewa?" Rejista ilikuwa mapajani mwangu. Nikafikiria siku ulipokatiwa keki ya kuhitimu udaktari hapa uwanjani na wilaya nzima ikala. Nikafikiria nimebakisha miaka minne nistaafu, na wewe una miaka thelathini mbele yako. Nikasema, "Inawezekana." Nikatia sahihi.

Nilidhani nimejitoa mimi peke yangu. Nilijiona hata mtu mwema. Wachuka alikuwa akinipita njiani bila salamu nami nabeba, nikisema Mungu anajua. Kumbe sahihi yangu ndiyo uliyoijengea waraka, na waraka ndio niliomwonyesha mama mkwe wa Jackie. Kwa hiyo usije kwangu ukitafuta msamaha kana kwamba mimi nimesimama mahali pasafi. Tumekidanganya kijiji hiki watu wawili.

Jumanne nilienda kwa Wachuka. Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia yote: zile simu, uliyoniambia, sahihi yangu. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema bado. Akaniambia niende nyumbani. Mpaka leo hajaniita.

Nimenakili ukurasa wa rejista kwa mkono wangu na kuupeleka kwa msimamizi pamoja na barua. Wewe sikukutaja ndani yake kwa jina. Hiyo ni kazi yako. Sikutishi, wala sikupi siku. Ila wajawazito wa hapa wenye miezi minane na tisa ni saba, na daraja ni lile lile.

Chepkorir


Free Area, Nakuru
1 Septemba 2024

Kwa Senge,

Natumaini baridi imepungua. Huku Natalie amekuwa mkimya kwangu tangu nilipomweleza, lakini hajaondoka. Mtoto hajambo.

Nilimwendea Daktari Wamaitha darasa lilipokwisha. Nilimpa karatasi mbili: moja ya ukweli wa Jumapili ile, nyingine ya kuliondoa pendekezo langu. Alizisoma akiwa amesimama. Nilitarajia anipigie kelele, maana ni mtu mkali. Alivua miwani akasema, "Mimi niliisoma mbele ya watu, na sikuwahi kumuuliza yule muuguzi." Kisha akaketi. Akaniambia, "Nenda kaandike barua hiyo hiyo kwa kaunti, na kwa baraza la madaktari. Usiiandike upya iwe nzuri."

Nikaziandika. Kwenye mafunzo nimesimamishwa. Wenzangu kumi na mmoja waliambiwa sababu mbele yangu, na mmoja ambaye tulikuwa tukila pamoja kila siku alihamisha kiti chake. Kazini sina zamu mpaka baraza linisikilize, na wanaweza kuninyang'anya leseni. Kwa baba nilipiga simu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama umeshakula chochote siku hizo zote wewe, dadake. Mimi hakuniuliza kitu.

Nataka kupanda nije kwa Wachuka. Nimeogopa kuja bila kutangulia kuuliza. Unaweza kumwuliza kama atanipokea?

Kimutai


Kapsirorok
15 Septemba 2024

Kimutai,

Baba yako alikuja siku hiyo hiyo uliyompigia, na mfuko wa mahindi mabichi. Alikaa, tukayachoma, tukala.

Watu wa kaunti walifika Jumatano, watatu. Waliita kijiji kizima shuleni. Nilisimama nikasema kwamba nilitia sahihi uongo. Niliona nyuso za watoto niliowazalisha, wengine sasa ni wakubwa wana ndevu. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba yeye alikuwa akinitetea bure. Nimepewa onyo kwa maandishi, na ni haki. Jackie hakuja.

Waraka haujafutwa. Wamesema kwa miezi sita tuzalishe, kisha wataangalia. Wataleta muuguzi wa pili, na ambulensi itoke kwa simu ya muuguzi bila kungoja sahihi ya daktari. Hiyo ya mwisho walisema wameitoa kwenye barua yako. Hatujaona muuguzi wala ambulensi, ila chumba nimekifungua nikakipiga deki. Jana alizaliwa wa kwanza.

Wachuka anasema uje Alhamisi. Usije na mchungaji, usije na baba yako, wala usije na mimi. Na usibebe kitu chochote mkononi.

Chepkorir


Free Area, Nakuru
29 Septemba 2024

Kwa Senge,

Nimeshuka salama. Samahani kwamba sikupitia kwako. Nilipotoka kwa Wachuka sikuweza.

Alinipa kiti nje, yeye akakaa mlangoni. Mtoto wa Shantel alikuwa akicheza na vifuniko vya chupa. Nilimwambia Wachuka yote kama nilivyokuandikia, hata hoteli, hata chakula tulichokula, kwa sababu aliuliza. Hakulia. Mimi nililia, akangoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite ili aendelee na safari yake.

Halafu akaniuliza, "Aliambiwa kwamba gari linakuja?"

Sikuelewa. Akasema, "Shantel. Alikufa akijua kuna gari linakuja, au alikufa akijua hakuna?"

Nikamjibu kwamba sijui, mimi sikuwepo. Akaniambia, "Basi huna kitu nilichokuwa nakitaka." Akaingia ndani na mtoto. Nikaondoka.

Nakuuliza wewe, Senge. Wewe ulikuwepo.

Kimutai


Kapsirorok
6 Oktoba 2024

Mwanangu Kimutai,

Hatujambo. Nimesoma barua yako asubuhi, nikaenda kwa Wachuka mchana. Hili ndilo nililomwambia, nawe ulijue.

Nilipokata ile simu ya pili nilirudi chumbani nikamshika Shantel mkono. Nikamwambia daktari amesema ambulensi iko njiani. Alikuwa amechoka sana. Akaniuliza daktari yupi. Nikamwambia ni Kimutai wetu.

Akasema, "Basi ni sawa," akafumba macho apumzike, asipoteze nguvu mpaka ifike.

Chepkorir